Bima Tatu Juu ya Meza Moja

Mimi naitwa Lornah, mke wa fundi Joram Oduor. Nakaanga mgongo wazi hapa Kisumu. Kama hujui mgongo wazi, ni mifupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwa letu, inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu. Minofu inapanda ndege, inaenda Ulaya. Sisi tunabaki na kichwa na mifupa, tunakaanga, na wateja wanalamba vidole. Sioni haya. Kazi hii imenilisha.

Kusoma nilijulia ukubwani, darasa la ngumbaru, nikiwa na mtoto mgongoni. Kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea. Neno gumu likitokea nitalieleza, maana mimi pia lilinisumbua.

Mwaka wa 1993 tulikuwa tunakaa Migosi, nyumba ya kukodi yenye vyumba viwili. Watoto walikuwa wawili. Milka alikuwa na miaka minane na mdogo wake Ouma miaka minne. Joram alikuwa fundi wa injini za boti. Injini ikizima pale ufuoni, anaitwa. Ikizima katikati ya ziwa, anapelekwa huko huko. Wiki nyingine alikuwa Port Victoria siku nne mfululizo.

Asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama.

"Kaa chini," nilikuwa namwambia. "Hiyo chai haitoroki."

"Nyar Seme, wavuvi wananingoja."

Nyar Seme maana yake binti wa Seme. Ndiko nilikozaliwa. Akiniita hivyo, nilijua hana hasira na mtu.

Mwezi wa nne mwaka huo, fundi mwenzake aliyeitwa Wepukhulu alikufa maji. Alikuwa anajaribu injini aliyotoka kuitengeneza. Upepo ukaja, boti ikapinduka. Mke wake, Nasambu, alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Baada ya matanga alirudi na watoto wake watatu akajaribu kuishi. Mwezi wa kwanza aliuza redio. Mwezi wa pili aliuza cherehani yake, na cherehani ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akaweka kufuli lake mlangoni. Tulichanga nauli, Nasambu akarudi kwao Bungoma. Mtoto wake wa kwanza alikuwa darasa la saba. Nasikia hakufika la nane.

Siku hiyo Joram alirudi mapema. Aliutazama ule mlango wenye kufuli, akaingia ndani, akaketi. Sikuwa nimezoea kumwona ameketi.

"Mama Milka," alisema, "mimi nafanya kazi ile ile ya Wepukhulu. Na ziwa ni lile lile. Nikienda kama yeye, nyinyi mtaenda wapi?"

Nilijifanya naosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi.

Wengi kwetu wanasema mtu akizungumza juu ya kifo chake anakiita. Mama yangu alisema hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini Wepukhulu hakuwahi kuzungumza juu ya kifo chake hata siku moja, na kifo kilijua njia ya kumfikia. Basi Joram akaamua kukata bima ya maisha.

Bima ya maisha ni hivi. Unalipa kampuni pesa kidogo kila mwezi, kwa miaka mliyopatana. Ukifa kabla miaka hiyo haijaisha, kampuni inawapa watu wako pesa nyingi mlizoandikiana. Aina ile Joram aliyotaka, hata usipokufa, miaka ikiisha unapewa pesa zako. Ni mpango mzuri. Ubaya ni kwamba kampuni ziko nyingi, na kila moja inasema ndiyo nzuri.

Sisi hatukuhangaika kutafuta, maana kaka yangu Zadock alikuwa ametoka tu kuajiriwa kuwa wakala wa bima. Wakala ni yule mtu anayetembea na mkoba akiuza bima za kampuni. Zadock alikuwa na tai nyekundu na viatu vinavyong'aa. Jumamosi alikuja, nikamchinjia kuku. Kwetu Wajaluo, shemeji akija hapewi sukuma wiki.

Alitoa fomu, akaanza kuijaza mwenyewe. Joram alikaa kwenye kiti chake mikono kwenye magoti, akajibu, "Ndiyo, shemeji. Sawa, shemeji." Kama angekuwa ananunua spana, angeuliza maswali mpaka mwenye duka achoke. Lakini ndugu ya mke wako humuulizi maswali hivyo. Ukimuuliza sana, ni kama umemwambia humwamini. Na ukoo mzima utasikia.

"Nitarudi Jumamosi ijayo na fomu safi," Zadock alisema. "Hii ibaki kwenu. Uweke sahihi, tumalize."

Nilifurahi sana. Mume wangu anapata bima, na kaka yangu anapata mteja wake wa kwanza.

Jumapili jioni nilienda kununua mayai kwa Mama Elsie. Elsie Kageha alikuwa mama wa Kimaragoli, mjane, jirani yetu wa nyuma. Alifanya kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya bima kwa miaka kumi na tisa. Alipostaafu alinunua kuku mia moja. Alikuwa anasema kuku wana akili kuliko mameneja.

Nikaanza kujigamba. "Baba Milka anakata bima. Kaka yangu ndiye anamkatia."

"Vizuri sana," Mama Elsie alisema, huku anahesabu mayai. "Kampuni ngapi mmetazama?"

"Kutazama nini? Si nimekuambia ni kaka yangu?"

"Ukikosa kulipa mwezi mmoja, inakuwaje?"

"Sijui."

"Kifo gani hawalipi?"

"Kifo ni kifo, Mama Elsie. Kuna kifo cha kuchagua?"

Aliweka mayai chini akanitazama. "Kipo, mama. Kila kampuni ina orodha ya vifo ambavyo hailipi. Wameandika kwa herufi ndogo, ukurasa wa nyuma. Hiyo orodha nimeichapa mimi kwa mikono hii."

Nilikasirika. Nasema ukweli. Niliona huyu mama anataka kuchafua jina la kaka yangu. Nikachukua mayai yangu, nikasema, "Zadock si mwizi."

"Sijasema ni mwizi. Hebu ngoja. Ukienda soko la Kibuye kununua mahindi, unanunua kwa mtu wa kwanza?"

"La. Nazunguka kwanza."

"Unatazama nini?"

"Bei. Na gorogoro yenyewe."

Gorogoro ni mkebe wa kupimia nafaka sokoni. Wafanyabiashara wengine wanagonga kitako chake kwa nyundo, kinaingia ndani. Ukitazama juu unaona mkebe umejaa. Ukifika nyumbani unakuta mahindi ni machache.

"Unafanyaje ili usidanganyike?" Mama Elsie aliuliza.

"Napindua gorogoro, natazama kitako."

"Hata kama muuzaji ni wa kwenu?"

"Hata kama ni wa kwetu. Wa kwetu ndio..."

Mama Elsie alicheka mpaka miwani ikateleza. Mimi nawe tuseme ukweli, mahindi ya shilingi ishirini nilikuwa nayapindulia mkebe, na maisha ya mume wangu nilitaka kuyafunga bila hata kutazama kitako. Nilikaa juu ya ndoo yake ya chakula cha kuku, nikasema, "Basi nifundishe."

Jumatatu niliacha sufuria zangu, tukaenda naye mjini. Tulipita ofisi tatu. Ya kwanza ilikuwa kampuni ya Zadock. Yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa Ahero anatafuta wateja. Ya pili ilikuwa juu ghorofani, tukapanda ngazi mpaka Mama Elsie akaomba maji. Ya tatu ilikuwa na mlango wa kijani, karibu na posta. Majina yao nayaacha. Kampuni zinabadilika, na mimi sikulipwa kumtangaza mtu.

Kila mahali Mama Elsie alisema maneno yale yale. "Mwanaume wa miaka thelathini na sita. Shilingi laki moja. Miaka kumi na tano. Tunaomba bei, na tunaomba nakala ya masharti yote tukasome nyumbani."

Nilimuuliza kwa nini anarudia vile vile.

"Ukimuuliza huyu bei ya laki moja, na yule bei ya elfu hamsini, utalinganisha nini?" alisema. "Lazima mikebe iwe saizi moja."

Katika ofisi ya ghorofani, kijana wa pale alitaka kutuharakisha. "Mama, wekeni sahihi leo, bei inapanda kesho."

"Basi tutalipa ya kesho," Mama Elsie alisema, akaweka karatasi kwenye kikapu.

Jioni Joram aliporudi, meza yetu ilikuwa imefunikwa na karatasi. Tuligeuza kalenda ya zamani, upande wake mweupe ukawa juu. Mama Elsie akachora mistari kwa rula ya Milka, mistari mitatu ya kushuka, kampuni tatu. Upande wa kushoto mimi ndiye niliandika maswali. Mwandiko wangu ulikuwa mkubwa, ukanimalizia nafasi.

"Tusome bei kwanza," Joram alisema.

"Bei tutaisoma mwisho," Mama Elsie alimjibu. "Bei inapiga kelele. Ukiisikia kwanza, hutasikia mengine."

Tukaanza na kukosa kulipa. Kampuni ya Zadock na ile ya mlango wa kijani zilikuwa zinakungojea siku thelathini. Ukilipa ndani ya siku hizo, bima yako iko hai. Ile ya ghorofani ilingoja siku kumi na tano tu. Siku ya kumi na sita, bima imekufa.

"Mimi wavuvi wananilipa samaki wakivua," Joram alisema. "Siku kumi na tano ni chache."

Tukatazama namna ya kulipa. Ile ya ghorofani ilitaka pesa zipitie benki. Joram hakuwa na akaunti. Wengine walikubali ulipe ofisini na upewe risiti yenye muhuri.

"Risiti ya kampuni," Mama Elsie alisema akinyoosha kidole. "Usimpe mtu pesa njiani akakuandikia kwenye kijikaratasi. Hata akiwa mchungaji."

Tukatazama ukiacha katikati unarudishiwa nini. Kwa zote tatu, ukiacha kabla ya miaka mitatu hupati kitu. Hapo nikajua bima si ya kujaribu jaribu. Chukua kiasi ambacho hata mwezi mbaya utakiweza.

Halafu Mama Elsie akavaa miwani yake nyingine, akafungua ukurasa wa nyuma wa masharti ya kampuni ya Zadock. Alisoma kimya. Akasoma tena. Kisha akampa Joram.

Joram alisoma kwa sauti, polepole. Yalisema kwamba kampuni haitalipa ikiwa mwenye bima atakufa akifanya kazi juu ya maji, isipokuwa kazi hiyo iliandikwa kwenye fomu na kukubaliwa na ofisi kuu.

"Kwenye fomu nimeandikwa fundi wa injini za boti?" Joram aliniuliza.

Ile fomu ya Jumamosi ilikuwa bado nyumbani, juu ya kabati. Niliileta. Mahali pa kazi, kaka yangu alikuwa ameandika: Fundi wa mashine, mjini Kisumu.

Nilimtazama Milka, alikuwa sakafuni anamfundisha Ouma kuandika herufi a. Nikauona ule mlango wa Nasambu na kufuli lake. Tungelipa kila mwezi, miaka na miaka, tukilala tukidhani tuko salama. Halafu siku ya kuhitaji, mtu angefungua ukurasa wa nyuma na kutuonyesha.

"Labda hakujua," Joram alisema.

"Labda," Mama Elsie alijibu. "Mawakala wengi wanaandika hivyo ili fomu ipite haraka. Wengine hata hawajui wanaharibu. Lakini fomu ikisema uongo, anayelipia uongo huo si wakala. Ni mke na watoto."

"Kwa hivyo nimuulize shemeji?" Joram alikuna kichwa. Nilimhurumia. Mtu huyu angeingia ziwani kwenye mawimbi bila kuuliza, lakini kumkabili ndugu ya mke wake kulimtoa jasho. "Mama Elsie, kwetu hiyo ni vigumu."

"Najua. Wewe hutamuuliza." Alinigeukia. "Shemeji haulizwi na shemeji. Lakini dada anauliza kaka. Huyu si ulimbeba mgongoni?"

Nilimbeba kweli. Zadock ni kitinda mimba wetu.

Jumamosi alikuja na tai yake. Nilichinja kuku mwingine. Nilimwacha ale kipande kimoja, halafu nikaweka ile kalenda mezani.

"Zadock," nilisema, "mimi ndiye nauliza, si shemeji yako. Joram akifa ziwani, kampuni yako italipa?"

"Dada, kwa nini unamtabiria mume wako?"

"Jibu."

"Watalipa. Si ni bima ya maisha?"

Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwonyesha fomu. Alisoma, akalegeza tai. "Hawa ni watu wa ofisi," alisema. "Walituambia tuandike kwa kifupi. Mnaniweka kwenye mizani na watu msiowajua? Mimi, mtoto wa mama yako?"

Alisimama. Kuku alikuwa bado kwenye sahani, paja zima. Kwa Mjaluo, shemeji akiondoka akaacha kuku, hilo ni jambo. Joram alimsindikiza mpaka njiani. Mimi nilibaki nalia na kuifunika ile sahani. Nilijiambia nimepoteza ndugu kwa ajili ya karatasi.

Siku tatu zilipita. Jumanne mchana nilikuwa kwenye jiko langu, mafuta yamechemka, nikaona viatu vinavyong'aa mbele yangu. Sikuinua kichwa.

"Dada."

"Mgongo wazi ni shilingi kumi."

"Dada, nimeenda kwa meneja. Nimemuuliza kama ulivyoniuliza. Ameniambia fundi anayeingia ziwani hawamtaki kabisa. Hata akiandikwa, ofisi kuu itamkataa." Alichutama pale karibu na moto na suruali yake ya ofisi. "Mimi sikujua. Baada yenu nimeandika hivyo kwa watu watano wengine. Wawili ni wavuvi. Jana nimewafuata wote watano mpaka kwao."

"Na kazi yako?"

"Kazi iko. Sasa nasoma kurasa zote." Akavuta pumzi. "Kwenye ile kalenda yenu, nendeni mlango wa kijani. Nimeuliza. Wataongeza bei kidogo kwa sababu ya ziwa, lakini wanakubali, na wanaiandika."

Nilimpa kipande kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Alikula amechutama, tai ameitupa begani. Mungu anajua vile nilivyomshukuru siku ile, na sikumwambia. Nilimwambia tu aongeze chumvi. Alinikosea nini tena? Mteja wake wa kwanza alimpeleka kwa kampuni nyingine kwa mdomo wake mwenyewe. Si wengi wanaweza.

Sasa ndipo tulisoma bei. Ya ghorofani ilikuwa shilingi mia tano sitini kwa mwezi. Ya Zadock mia tano tisini. Ya mlango wa kijani, pamoja na nyongeza ya ziwa, ilikuwa mia sita themanini na tano. Ile rahisi kuliko zote ilikuwa na siku kumi na tano na benki. Ile ya katikati ingetukataa kaburini. Joram alipiga hesabu kwa kidole mezani, akasema, "Tutachukua ile ghali. Nitapunguza sigara."

"Utaacha," nilisema.

Aliacha.

Kwenye ofisi ya mlango wa kijani alijaza fomu mwenyewe. Mahali pa kazi aliandika: Fundi wa injini za boti. Hufanya kazi ziwani mara nyingi. Walimuuliza magonjwa, akataja hata kifua kilichomlaza mwaka wa 1989. Daktari wao akampima. Mahali pa watakaolipwa, Mama Elsie alikuwa amemwambia aandike majina, si neno "familia", kwa sababu familia ni watu wengi. Aliandika Lornah, Milka na Ouma. Hati ilipokuja tuliisoma yote, mbele na nyuma. Mama Elsie akasema Zadock naye aonyeshwe ilipowekwa, ndani ya sanduku la nguo, ili tusiwe sisi wawili tu tunaojua.

Tulilipa kila mwezi. Mwaka wa 1995 Joram aliugua malaria mbaya, tukachelewa. Siku ya ishirini na sita niliuza kanga zangu mbili, nikakimbia na pesa mpaka mlango wa kijani. Karani alipiga muhuri. Nilishukuru zile siku thelathini, maana tungekuwa ghorofani tungekuwa tumeshazikwa.

Kisha ikaja ile siku. Ilikuwa mwezi wa tatu, 1997. Joram alienda Port Victoria kutengeneza injini mbili. Ya kwanza ilikubali. Ya pili aliingia nayo ziwani kuijaribu, yeye na wavuvi wawili. Upepo ulianza ghafla kutoka upande wa visiwa, boti ikapinduka. Wale wavuvi waliokolewa wakiwa wameshikilia pipa. Walisema Joram ndiye aliwasukumia hilo pipa. Yeye alipatikana siku ya pili.

Sina la kuongeza hapo. Alikuwa mtu mzuri. Alikunywa chai amesimama miaka yote, na ningetoa kila kitu nimwone amesimama tena mlangoni na kikombe.

Baada ya mazishi, wazee wa upande wa mume wangu walikaa, wakaanza kuulizana pesa za bima zitashikwa na nani. Walikuwa wazee wa heshima, hawakuja kwa ubaya. Zadock alitoa hati, akasoma majina matatu. Mzee mmoja akasema, "Basi mwenyewe ameshasema." Mazungumzo yakaisha, wakaomba chai.

Zadock ndiye alinishika mkono katika mambo ya karatasi. Kumbuka hakuwa wakala wa kampuni hiyo. Alipanda ngazi za watu wengine bila kulipwa senti. Tulipeleka cheti cha kifo, barua ya chifu, hati yenyewe, risiti ya mwisho na kitambulisho changu. Yule karani alifungua faili, akatafuta mahali pa kazi. Alisoma, "Hufanya kazi ziwani mara nyingi." Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Pole sana, mama. Kila kitu kiko sawa."

Wiki ya saba hundi ilitoka, laki moja kamili. Nilienda nayo kwanza kwa Mama Elsie, kabla hata ya benki. Alikuwa anawapa kuku maji. Niliiweka mikononi mwake. Aliisoma mbele, kisha akaigeuza akaisoma nyuma, na hapo nyuma hapakuwa na kitu. Tulicheka, tukalia, kuku wakatuzunguka.

"Asante, Mama Elsie," nilisema. "Kwa Kijaluo, erokamano. Sijui lugha nyingine, lakini ningekuwa nayo ningekuambia kwa hiyo pia."

"Mimi sikuwachagulia bima," alisema. "Niliwaonyesha tu pa kutazama."

Hatukuhama Migosi. Nilinunua jiko la pili, nikaajiri msichana mmoja. Pesa za watoto niliziweka posta, kwa majina yao.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1999, Milka aliitwa kidato cha kwanza katika shule ya wasichana upande wa Maseno. Nilimpeleka mwenyewe, na sanduku lake na godoro. Karani wa shule alikuwa anajaza kitabu kikubwa. Aliuliza jina, akauliza dini, akaandika baba ni marehemu.

"Na karo inalipwa na nani?" aliuliza.

"Baba yake," nilisema.

Aliinua macho. "Mama, hapa umesema baba amefariki."

"Ndiyo. Na karo analipa yeye."

Karani alitutazama, mimi na Milka. Halafu aliinama, akaandika: Baba. Milka akabeba sanduku lake, akaingia.